UZI: Kichina kwa watoto wa chekechea hapa Mwanza. Masikio kwanza, maandishi yasubiri

Mwalimu wa Nyegezi (mwanzisha uzi)

Wadau, mwangaluka.

Maswali ya Kichina kwa watoto wadogo yamekuwa mengi humu, na majibu mengi yanayotolewa ni ya watu wazima wanaojiandaa na mtihani: nunua kitabu, kariri pinyin (Kichina kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini), andika kila herufi mara 20. Mtoto wa miaka 4 si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Uzi huu ni wa miaka 3 hadi 6 tu, darasani au nyumbani, kwa vifaa unavyoweza kuvipata ukitoka Igoma mpaka Kirumba bila kuagiza chochote Dar. Naanza na muda na amri, maana hapo ndipo wengi wanapoharibu mapema. Wenye kujua waongeze, wenye kupinga wapinge.

Muda: miaka 3 na 4 dakika 10, miaka 5 na 6 dakika 15, siku tano kwa wiki. Kipindi kimoja cha dakika 40 kila Ijumaa ni hasara tupu. Nusu ya kwanza wanasikiliza, nusu ya pili wanavutana nguo, na Ijumaa inayofuata unaanza upya. Panga asubuhi kabla ya uji. Baada ya chakula cha mchana, chini ya bati, unafundisha watu waliolala macho wazi.

Maneno: manne mapya kwa wiki, basi. Yanaonekana machache, lakini ngazi ya kwanza ya mtihani wa YCT, ambao ni wa wanafunzi wa msingi na sekondari, inadai maneno 80 tu. Mtoto wa chekechea akimaliza wiki 10 ana maneno 40 anayoyaelewa kweli, amefika mbali.

Wiki mbili za kwanza ni za amri, na mtoto halazimishwi kusema lolote. Chukua hizi: zuò xià (kaa), zhàn qǐlái (simama), pāi shǒu (piga makofi), tiào (ruka), tíng (simama hapo hapo, usitikisike). Sema na utende mwenyewe mara tatu, watoto wakifuata. Kisha sema na utende pamoja nao. Kisha sema, mikono yako ikiwa nyuma. Hatua hiyo ya tatu ndiyo somo lenyewe na ndiyo inayorukwa. Usipoificha mikono, mtoto anaiga mwili wako na masikio yake yamelala. Kosa la pili ni kutoa amri kwa mpangilio uleule kila siku. Watoto wanakariri mpangilio, siyo maneno, na mgeni akiingia darasani anadhani wanajua. Changanya, na tíng iwe inaingia ghafla katikati, hiyo ndiyo wanayoipenda kuliko zote.

---

Mama Kulwa na Doto

Mwalimu, wabeja kwa uzi. Mimi nauliza toni, yaani kule kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana ya neno. Vitabu vyote vinaanza na ule mfano wa mā, má, mǎ, mà: mama, katani, farasi, kutukana. Mtoto wa Mabatini atajulia wapi katani, na farasi kamwona wapi? Mnaanzia na maneno gani?

---

Sauti Mbili

Mama Kulwa, umegusa penyewe. Mfano ule ni wa kumwonyesha mtu mzima kwamba toni inabadili maana. Mtoto haelezwi toni, anapewa maneno mawili anayoyahitaji ambayo toni peke yake inayatenganisha, halafu anaachwa akosee na kucheka. Kwa huku kwetu chukua haya mawili:

yú ni samaki, yǔ ni mvua.
tāng ni supu, táng ni sukari au pipi.

Weka bakuli la supu la kuchezea na pipi moja mezani. Mtoto akisema tāng kwa sauti bapa, mpe bakuli. Akitaka pipi itabidi apandishe. Hakuna maelezo yanayoishinda pipi.

Sasa jambo ambalo watu wa huku wanalipuuza. Kiswahili hakina toni, kina mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Lakini Kisukuma kina toni, na Kihaya, Kijita na Kikerewe vilevile. Mtoto anayezungumzishwa na bibi yake kwa Kisukuma ameshazoea kwamba kupanda na kushuka kwa sauti kuna kazi katika neno. Usimzuie kuongea Kisukuma eti atachanganyikiwa. Tofauti ni kwamba katika lugha zetu toni huwa ni silabi ya juu na silabi ya chini, na Kichina kinaipandisha au kuishusha sauti ndani ya silabi moja. Hiyo ndiyo sehemu mpya, na ndiyo ya kufanyia mazoezi.

Namna ya kuzipa sura, bila kutaja namba za toni mbele ya mtoto:

Ya kwanza ni ziwa lililotulia alfajiri: sauti juu kidogo, bapa, ndefu. Mkono unateleza usawa wa paji la uso.
Ya pili ni lile "Ee?" la mtu ambaye hakusikia vizuri. Mkono unapanda.
Ya tatu ni kiboko: sauti ya chini kabisa, nzito, kidevu kifuani.
Ya nne ni jiwe linadondoka majini: "Toka!" Mkono unashuka kwa nguvu.

Kuhusu ya tatu, vitabu vinaichora ikishuka na kupanda, na walimu wanawavuta watoto waimbe "hǎ-a-a-o". Katika maneno ya kawaida, ikifuatwa na neno jingine, inabaki chini tu. Fundisha kiboko. Na zikikutana mbili, ya kwanza inageuka kuwa ya pili, kwa hiyo nǐ hǎo inatamkwa ní hǎo. Mwalimu ajue, mtoto asielezwe, asikie tu ilivyo sahihi.

Kosa moja dogo lenye madhara: mwalimu anaelekeana na watoto, anapandisha mkono kutoka kushoto kwake kwenda kulia kwake. Watoto wanaona kinyume. Toni ya pili inakuwa mstari unaoanzia kulia, na baadaye wakiiona alama kwenye maandishi haifanani na mkono. Anzisha mkono wako upande wako wa kulia uende kushoto, au wape mgongo.

---

Dagaa Mkavu

Hapo kwenye yú niongezee kitu. Hiyo "u" si u yetu. Karibu kila anayejifunza huku anasema "yuu" na Mchina anamkazia macho. Sauti yenyewe ni hivi: sema "iiii" kama unatabasamu, ulimi usiutoe pale ulipo, halafu kunja midomo kama ya kupiga mluzi. Kwa watoto maelezo ni mafupi zaidi: fanya mdomo wa samaki. Sato akiwa kwenye beseni anavyofungua na kufunga mdomo. Neno ni samaki, mdomo ni wa samaki, hakuna mtoto wa mwaloni atakayesahau.

Mchezo unaobeba nusu ya muhula mzima ni wa kuvua. Nauweka wote hapa.

Kata samaki kutoka maboksi ya sabuni: wakubwa 10 wa sm 25 (hao sangara), wadogo 10 wa sm 8 (hao dagaa). Kila mmoja mbane kibanio cha chuma cha karatasi puani. Fimbo ni ya sm 60, uzi wa sm 40, na mwisho wa uzi funga sumaku ya duara ya spika mbovu ya redio, mafundi redio wanazo. Usitumie zile sumaku ndogo za vidonge za midoli. Mtoto akimeza mbili zinavutana ndani ya utumbo na hiyo ni safari ya hospitali. Kanga ya bluu ikitandazwa chini ndiyo ziwa.

Siku ya kwanza maneno ni mawili: dà yú, xiǎo yú. Samaki mkubwa, samaki mdogo. Mwalimu anaita, mtoto anavua aliyetajwa. Dà inashuka kama jiwe, xiǎo ni kiboko, yú inapanda. Toni tatu ndani ya mchezo mmoja, hakuna aliyegundua kwamba anafundishwa. Siku ya tatu mtoto mmoja anakuwa mwitaji. Hapo ndipo kinywa kinapofunguka, kwa sababu akinong'ona wenzake wanavua samaki siye. Wiki ya pili weka wǒ yào (nataka): wǒ yào dà yú.

Kinachoharibika: uzi ukizidi sm 50 wanafungana fimbo na vita inaanza. Watoto wakizidi 8 kwenye ziwa moja, anayesubiri zaidi ya dakika mbili anaanza kuvua viatu vya wenzake. Na ukiwa mnyonge ukawaruhusu wavue bila kuita, mchezo umebaki, Kichina kimeondoka.

---

Jiwe Juu ya Jiwe

Wakuu, michezo yote sawa. Lakini mbona hamgusi pinyin? Pinyin ni alfabeti ya Kilatini, watoto wetu tayari wanajifunza a, e, i, o, u. Ni daraja la bure. Wachina wenyewe wanaitumia tangu 1958. Mtoto akiisoma mapema anaweza kujisomea mwenyewe nyumbani, mzazi pia anamsaidia. Kuichelewesha ni kumnyima nyenzo.

---

Mwalimu wa Nyegezi

Kaka, kwa mwalimu na mzazi nakubaliana nawe asilimia mia. Kwa mtoto wa awali ndiyo hapana, na sababu ni hiyo hiyo uliyoitoa: anajifunza a, e, i, o, u sasa hivi. Kiswahili kina bahati ya herufi moja sauti moja. Mtoto anajengewa imani kwamba "ba be bi bo bu" ni kitu cha kuaminika. Halafu dakika 15 kabla ya uji unamletea "qi" inayosomeka karibu na chi, "xi" inayokaribia shi, "ca" inayosomeka tsa, na "you" inayosomeka karibu na yo-u. Unaitikisa nguzo ambayo mwalimu wa KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) amesimamisha kwa shida. Hata China mtoto anafundishwa pinyin rasmi darasa la kwanza, akiwa tayari anaongea lugha. Sisi tunataka aanze nayo kabla hajajua neno hata moja?

Mtoto akishasoma Kiswahili kwa ufasaha, yaani anachukua sentensi mpya na kuisoma bila kuigawa silabi, mpe pinyin. Ataimaliza kwa wiki chache.

---

Sauti Mbili

Na kwa mzazi anayetaka kuitumia pinyin, ajue mtego wa b na p. Katika pinyin tofauti ya b na p, d na t, g na k ni pumzi tu. "B" ya Kichina haingurumi kooni kama yetu, iko karibu na p ya "paka" iliyotamkwa bila kupuliza. Shika kipande cha karatasi nyepesi vidole viwili mbele ya midomo. Sema pāi (piga): karatasi lazima iruke. Sema bái (nyeupe): itulie. Ikitulia kwa zote mbili, unaongea Kichina cha mtu mwenye mafua.

Ndiyo maana bàba ya Kichina ikitamkwa vizuri inaingia masikioni mwetu kama "papa". Watoto watacheka, waache wacheke.

---

Jiwe Juu ya Jiwe

Hoja ya KKK naipokea, sikuwa nimeifikiria kwa upande huo. Pinyin nimeiweka kabatini. Lakini maandishi ya Kichina yenyewe je, nayo yasubiri?

---

Kalamu ya Mchanga

Hapo ndipo nilikuwa nasubiri. Maandishi ya Kichina hayagombani na a, e, i, o, u, kwa sababu mtoto anayaona kama picha. Kwa hiyo ajabu yake ni kwamba 山 ni salama zaidi kwa mtoto wa miaka 4 kuliko "shān", neno lilelile kwa pinyin. Na Mwanza ndiyo mji wa kufundishia 山 na 石. Mtoke nje, mtazame mawe. 山 ni mlima, vilele vitatu. 石, shí, ni jiwe. Wanaopita njia ya ziwani wanaliona lile jabali la Bismarck kila siku, jiwe juu ya jiwe (samahani mkuu, si wewe).

Kuandika kunaanzia mchangani. Sinia la sm 40, mchanga mkavu vikombe viwili, ukisawazisha unapata kina cha kutosha kidole kuacha mstari na sakafu ya sinia kuonekana. Mchanga ukiwa mwingi mstari unafunikwa na kingo zake, mtoto haoni alichoandika. Mchanga wa ufukweni chekecha, kuna vipande vya makombe vinakata vidole. Uoshe kwa maji ya bomba, anika juani siku mbili. Na auchote mtu mzima kutoka sehemu kavu. Msiwatume watoto kwenye maji ya kina kifupi yenye magugu, kichocho kipo palepale kwenye konokono. Asiyetaka mchanga atumie pumba laini za mahindi, ila panya watakushukuru.

Mfuatano wa mistari uheshimiwe tangu siku ya kwanza, maana mkono ukizoea vibaya kuurudisha ni kazi. 人 (mtu): mguu wa kushoto kwanza, wa kulia baadaye. 大 (kubwa): mstari wa kulala kwanza, kisha miguu miwili ileile ya 人. Mwambie mtoto, mtu amenyoosha mikono anasema samaki alikuwa hivi! Hiyo ni 大, na kesho yake kwenye mchezo wa Dagaa Mkavu kadi ya sangara ina 大 juu yake. 山: kilele cha katikati kwanza, kisha ukingo wa kushoto ukishuka na kukunja kwenda kulia kwa mstari mmoja, mwisho ukingo wa kulia. Mistari mitatu jumla.

口, mdomo, ndiyo inayosumbua. Mtoto anachora boksi kwa mstari mmoja mzunguko, au duara kabisa. Iwe mitatu: shuka kushoto. Rudi juu, kwenda kulia na kushuka bila kunyanyua kidole. Funga chini. Wimbo wake: ukuta, paa na ukuta, mlango ufungwe. Akishaijua 口, basi 石 ni paa lenye mteremko juu ya 口, anaiandika mwenyewe.

Ziwe nane kwa mwaka mzima wa awali: 一 二 三 人 大 山 口 石. Nyingine kama 水 (maji), 火 (moto), 鱼 (samaki) azitambue kwa macho, asiziandike. 鱼 ina mistari 8 na kidole cha miaka 4 kinachoka kwenye wa tano. Penseli isiguswe kabla ya miaka 5 na nusu. Na tafadhali, madaftari ya kuandika herufi moja ukurasa mzima yaacheni yalipo.

---

Mama Kulwa na Doto

Kalamu, hiyo ya mlango ufungwe imenifaa. Sasa sisi wa nyumbani. Mzazi hajui Kichina, mwalimu anapatikana mara mbili kwa wiki, simu ipo. Video za watoto kwenye mtandao ni nyingi. Nyimbo je?

---

Dagaa Mkavu

Nyimbo zina tatizo ambalo wauzaji wa video hawalisemi: muziki unafuta toni. Neno la kushuka likikutana na sehemu ya wimbo inayopanda, mtoto analiimba likipanda. Kwa hiyo wimbo usitangulie. Mtoto alijue neno kwenye mchezo kwanza, wiki moja hivi, ndipo aimbe. Na ukimaliza kuimba, yaseme maneno yaleyale kwa makofi tu, bila tuni, mara mbili. Makofi yanatunza mdundo na toni zinarudi mahali pake.

Video: Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 3 na 4 asizidi saa moja ya skrini kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Umri huu mtoto hajifunzi lugha kwa kuangalia peke yake, anajifunza mtu akimjibu. Kama lazima, iwe ya dakika 3, ipakue mapema bando likiwa na unafuu, kaeni wote, na ukiisimamisha sema kitu na mtoto atende.

Bora zaidi ni sauti tupu. Mwombe mwalimu arekodi kwenye WhatsApp maneno manne ya wiki: kila neno mara tatu, na ukimya wa sekunde 3 katikati ili mtoto apate nafasi ya kurudia. Sekunde 40 zinatosha. Msirekodi mvua inaponyesha kwenye bati. Toni ndiyo ya kwanza kupotea, mnabaki na ngurumo.

---

Sauti Mbili

Na nyumbani tumieni maneno ya kweli ya nyumba. Xǐ shǒu kila mnaponawa mikono, hē shuǐ mtoto akinywa maji. Neno likiwa na kazi yake ya kila siku halihitaji marudio mengine. Chá ni rahisi, maana chai yetu yenyewe ilianzia kwenye neno hilo la Kichina, ikapitia Uajemi mpaka ikatufikia.

Māma na bàba ni zawadi, silabi ya pili iwe nyepesi tu. Kwa ndugu Kichina hakina "kaka" mmoja wa jumla. Gēge ni kaka mkubwa kwako, dìdi ni mdogo wako wa kiume, jiějie dada mkubwa, mèimei mdogo wa kike. Kulwa na Doto hapo watagombania nani ni jiějie, na ugomvi huo ni Kichina safi. Angalizo: yéye ni babu mzaa baba. Mtoto akimnyooshea kidole babu na kusema "yeye", usimkaripie kabla hujajua anaongea lugha gani.

---

Hesabu kwa Mdako

Namba hamjazigusa. Huko Kiswahili kinatubeba: kumi na moja ni shí yī, kumi na mbili shí èr, mpaka shí jiǔ. Ni kumi na kile kinachofuata, basi. Makumi yao ni rahisi kuliko yetu, èr shí ni "mbili kumi", sān shí "tatu kumi". Sisi ndio wenye ishirini na thelathini za kukariri.

Watoto wa miaka 5 na 6 wahesabu kwenye mdako: kila kokoto linaloondolewa shimoni linatajwa. Yī, èr, sān, mkono unaenda na namba, haiwezekani kuimba mbele ya mkono. Wadogo watumie vizibo vya soda kwenye trei ya mayai, kizibo kimoja kila shimo.

Pima hivi, usidanganyike na kwaya. Darasa zima linaimba yī mpaka shí bila kukosea, mzazi anapiga makofi. Mwite mmoja, nyoosha mkono, sema gěi wǒ sān ge (nipe tatu). Akikumwagia vizibo vyote, anajua wimbo, hajui namba.

Mitego miwili. Sì ni nne na shí ni kumi. Tofauti ya s na sh kwetu si shida, shida ni toni: nne inadondoka, kumi inapanda. Cheza nazo peke yake siku nzima. Na "mbili" ya kuhesabia vitu si èr, ni liǎng. Liǎng ge, vitu viwili. Kwa samaki kuna neno lake la kuhesabia: yì tiáo yú, liǎng tiáo yú. Wasioelewa kwa nini wafikirie ngeli: kwetu ni samaki wawili, vizibo viwili, mawe mawili. Kila kundi la vitu na kiungo chake. Mtoto wa Kiswahili hashangai, mpe kama kipande kizima bila maelezo.

---

Zamu ya Mchana

Nasoma kimya tangu asubuhi. Haya yote ni ya watoto 8 kwenye kanga. Darasa lenye watoto 50, mwalimu mmoja, vifaa hakuna, lifanyeje?

---

Mwalimu wa Nyegezi

Dada, swali la haki. Kwa 50 acha fimbo za kuvulia. Kata samaki 50, nusu wakubwa nusu wadogo, kila mtoto ashike mmoja. Ukiita dà yú, wenye wakubwa wasimame. Xiǎo yú, wenye wadogo. Ita haraka, ita mara mbili mfululizo uleule, ita wote. Hakuna anayesubiri zamu, na wewe mbele unaona nani anasimama kwa kumtazama jirani. Hao ndio wa kuwaweka mstari wa mbele kesho. Baada ya dakika 3 waambie wabadilishane samaki na jirani, vinginevyo kila mmoja atakuwa amejifunza neno moja tu.

Amri za mwili nazo hazijali idadi. Mchanga ndio usijaribu kwa 50. Waandike hewani kwa mkono mzima kuanzia begani, na wewe uwape mgongo.

Kadi moja ya ukutani kwa darasa kubwa iwe nusu ya karatasi ya manila, maka peni nene, upana wa mstari kama kidole, isomeke kutoka mkeka wa mwisho. Ukipiga laminesheni inang'aa, watoto wa upande wa dirishani hawaoni kitu. Selotepu pana kwenye kingo inatosha.

Na mengine mawili kwa haraka. Mtoto akikosea toni usiseme "siyo hivyo". Rudia neno kwa usahihi ndani ya jibu: "Yú? Haya, yú hii hapa." Pili, zile kelele za "ching-chong" watoto wanazookota mtaani na kumrushia Mchina yeyote anayepita. Usizichekee. Waambie hayo si maneno ya lugha yoyote, na wampe anayepita nǐ hǎo halisi. Mara nyingi atasimama awajibu, na hapo wamepata mazoezi na mzungumzaji mwenyewe bila ada.

---

Zamu ya Mchana

Samaki 50 nimeelewa, maboksi nitayapata. Ila kwa kundi dogo la jioni nataka ile ya kuvua. Sumaku ya spika ya sabufa inafaa? Fundi anayo moja kubwa.

---

Dagaa Mkavu

Haifai, dada. Ya sabufa ni nzito, mtoto wa miaka 4 anainama nayo na ikimdondokea kidole cha mguu mchezo umeisha. Tena inabeba samaki watatu kwa mpigo, utashindwa kuhesabu. Mwambie fundi akupe ya spika ya redio ndogo ya mkononi, kama kizibo cha soda kwa upana. Ikishindwa kumnyanyua sangara, mpunguze sangara, usiongeze sumaku.